Kama Hapo Juu

Kufikia wiki ya tisa sikutaka tena kuona goti la kijana yeyote. Nilikuwa nimeyaona ya kila aina: yaliyochubuka, yaliyovimba, na yaliyopakwa mafuta ya karanga ili yang'ae mbele yangu, utadhani nimekuja kununua mbuzi mnadani. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, mgongo unauma, na kazi yangu mwaka ule wa 1993 ilikuwa kuzunguka Mkoa wa Dodoma kutafuta watoto wanaojua mpira. Watu walidhani ni kazi ya raha. Anayedhani hivyo apande lori la chumvi kutoka Mpwapwa mpaka Kongwa, akae juu ya magunia, afike uwanjani akute timu moja haijaja kwa sababu kocha wake amekwenda msibani.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mpya. Ilipokuja ruksa ya biashara binafsi na mashirika ya umma yakaanza kufungwa, timu zake zilikufa pamoja nayo. Ile niliyokuwa nafundisha mimi, ya shirika moja la kukamua karanga, ilizikwa siku moja na mashine. Mahali pa mashirika wakaingia matajiri. Mjini walikuwa watatu wenye timu: Bwana Shaban wa mashine za kusaga pale Makole, mwenzake mwenye mabasi, na wa tatu mwenye hoteli. Hawa ndio waliotamka hadharani maneno ambayo zamani tuliyanong'ona, mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1991 waligombea mtoto mmoja wa Kongwa mpaka wakafikishana polisi. Mwaka uliofuata wakapatana: watoto wazuri wa mkoa mzima waandikwe kwenye orodha moja, kuanzia wa kwanza hadi wa ishirini na nne, halafu Jumamosi ya mwisho ya Septemba kila timu ichague kwa zamu, mmoja mmoja, bila kukunjana mashati. Aliyechaguliwa alipata kitanda, chakula, nafasi ya kusoma ufundi na jezi mpya. Aliyebaki alirudi kwao kulima.

Orodha hiyo niliiandika mimi, na huu ulikuwa mwaka wangu wa pili. Sheria waliyonipa niisimamie ilikuwa moja: mtoto asiwe amevuka miaka kumi na sita. Walisema hawataki kulea watu wenye ndevu. Nami niliisimamia kwelikweli. Mwaka ule mstari ulikuwa 1977. Aliyezaliwa kabla ya hapo nilimfuta, hata kama alikuwa akipiga chenga na mwamuzi naye anaanguka. Wazazi waliniletea kadi za kliniki, barua za mashehe, barua za mapadri. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, barua ya mwalimu mkuu yenye mwaka ulionakiliwa kutoka daftari la kuandikishia watoto darasa la kwanza. Daftari halina mjomba, ndivyo nilivyozoea kuwajibu. Wakaniita Mwalimu Swalihu wa Daftari, na jina lile, sitaficha, nililipenda.

Adamu nilimwona siku ya Jumanne, upande wa Kolo, kwenye kijiji ambacho jina lake naliacha kwa heshima ya walimu wanaofundisha pale sasa. Nilikijua kijiji kile. Nilifundisha shule yake miaka minne, tangu 1980 hadi 1984, kabla sijaenda kwenye shirika. Niliposhuka kwenye gari, kijana mmoja wa dukani aliniuliza kama nimekuja kuangalia michoro ya mapangoni. Nikamwambia nimekuja kuangalia magoti. Hakucheka, na mimi sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Uwanja wa pale umeinama, na nyuma ya goli la chini kuna korongo. Wanaoijua ardhi ya Kondoa wanajua ninachosema: korongo la kumeza nyumba, lenye mchanga mwekundu unaoporomoka ukikanyagwa. Mpira ukipita goli, ukiingia ndani au ukitoka nje, unakwenda moja kwa moja kule chini, na desturi ya pale ni kwamba anayeufuata ni kipa mwenyewe. Kushuka na kupanda ni dakika kumi, watu wote wamekaa chini wanamsubiri na kumsema.

Mimi huwa siangalii mpira. Namwangalia mtoto wakati mpira uko mbali naye. Nina vyumba vinne kwenye daftari langu, mguu, jicho, pumzi na kichwa, na kila kimoja nakitolea alama tano. Makipa huwa nawanyima, kwa sababu makipa wengi ni watoto waliokataliwa kwingine wakasukumiwa golini. Huyu wa goli la chini alinishika macho kwa sababu hakukaa bure hata dakika moja. Mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, yeye alikuwa akisogea hatua mbili kulia, hatua moja kushoto, akiufuata kwa macho na kupima. Likipigwa shuti la nje kabisa, ambalo kipa mwingine angeliacha lipite kwa raha, huyu aliliruka na kulikamata. Hakupangua kwa ngumi hata mara moja. Alidaka kila kitu, kwa mikono mirefu ya ajabu, na kila alipodaka watu wa nyuma ya goli walishusha pumzi. Nilikaa robo saa nzima kabla sijaelewa kwamba aliyemfundisha ni lile korongo.

Nilimpa tano, tano, nne, tano. Katika miaka miwili sikuwa nimempa mtoto yeyote alama kumi na tisa. Nilijikuta nimesimama, mgongo nimeusahau, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba nilifurahi kuwa pale nilipo. Nikaandika jina lake juu kabisa ya orodha, nikawasogeza chini wote waliokuwepo.

Mchezo ulipokwisha nikamwita. Alikuwa mwembamba, amenyooka, sauti haijakaa vizuri, mara nzito mara nyembamba. Alinipa shikamoo, akanipa na barua ya shule aliyoiweka ndani ya soksi. Nikaifungua. Adamu Issa, aliandikishwa darasa la kwanza Januari 1982, mwaka wa kuzaliwa 1975.

Nilimtazama usoni, nikaitazama tena barua. Ile sauti iliyokuwa ikivunjika iliniambia kitu, lakini mimi nilikuwa mtu wa daftari. Nikamwambia neno nililokwisha kuwaambia watoto arobaini mwaka ule.

"Umevuka."

Hakubisha. Alisema sawa, mwalimu, akachukua barua yake, akaenda kuvua jezi ya kuazima. Mimi nikatoa kalamu nikakata jina, na uchovu ukarudi wote kwa mkupuo mmoja.

Mama yake alinikuta jioni ileile kwenye mgahawa, nakunywa chai na chapati iliyolala. Jina lake Tabu, mama mwembamba wa Kirangi mwenye mikono mirefu kama ya mwanawe, amejifunga kanga mbili na hana haraka. Alinisalimia kwa adabu, akauliza habari za nyumbani na za mke wangu Nasma, maana Nasma aliishi naye jirani enzi zile. Kisha akakaa kwenye benchi, akanieleza taratibu, bila kupandisha sauti, kwamba mwanawe hakuzaliwa mwaka 1975. Alimzaa mwaka wa 1977, na ushahidi wake ni ng'ombe. Serikali ilipoamuru ng'ombe wote watolewe kwenye vilima vya Kondoa ili ardhi ipone, mwaka 1979, Adamu alikuwa na miaka miwili, na alilia siku tatu akimtafuta ndama mmoja aliyekuwa akicheza naye.

Nilimjibu kama nilivyowajibu wengine. Nikamwambia ng'ombe hawaandiki barua, na kwamba mwenye kosa, kama lipo, ni mwalimu aliyemwandikisha.

"Mwalimu aliyemwandikisha ni wewe," akasema.

Nikaweka kikombe chini. Akanikumbusha. Alikuja shuleni Januari ile kumwandikisha binti yake mkubwa, na Adamu alikuwa amemfuata tu. Watoto walikuwa kwenye mstari, nami nilikuwa nawapima kwa namna tulivyopima wakati ule, kwa kuwa vyeti vya kuzaliwa havikuwepo: mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, na vidole vikishika sikio la upande wa pili, huyo ametimiza miaka saba. Adamu, kwa kuiga wenzake, akapitisha mkono wake, na sikio akalishika lote. Mimi nikacheka. Nikasema huyu naye aandikwe. Mama akaniambia, mwalimu, huyu bado ananyonya vidole, nami nikamjibu kwamba sikio halisemi uongo.

Nilipenda maneno ya namna hiyo tangu zamani, inaonekana. Tabu hakuniambia kitu kingine. Alisema tu kwamba Jumamosi ni karibu, na kwamba mtoto amekataa kula.

Asubuhi yake nilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu sasa alikuwa Mwalimu Loisi, mwanamke wa makamo kutoka upande wa Mvumi, aliyefungua kabati bila kuniuliza mengi. Daftari la 1982 lilikuwa chini kabisa, mchwa wamekula pembe. Nikautambua mwandiko wangu kabla sijasoma neno. Ulikuwa mzuri, umelala upande mmoja, mwandiko wa mtu anayedhani atakuwa mkaguzi wa wilaya.

Mstari wa kwanza niliandika jina la mtoto, jina la baba, kitongoji, na mwaka, 1975. Mstari wa pili, kwenye chumba cha mwaka, niliweka vile vistari viwili vya kusema kama hapo juu. Wa tatu vilevile. Nikageuza ukurasa, na ukurasa wa pili ulikuwa hivyohivyo, na wa tatu. Watoto tisini, mwaka mmoja, umeandikwa mara moja tu.

Nilikumbuka basi, sawasawa, kama jana. Kata ilitaka majina tisini, kwa sababu ilikuwa kampeni ya kila mtoto aende shule na kila kijiji kilipewa idadi yake. Nilikuwa na themanini na nane. Adamu akawa wa themanini na tisa. Wa tisini alikuwa mtoto mfupi mwenye kichwa kikubwa aliyekuja na bibi yake. Huyo mkono wake haukufika. Vidole viliishia juu ya sikio, nikamwinamisha kichwa kidogo, bado havikufika. Bibi akasema, huyu ni wa mwaka ujao, mwalimu, hata miaka sita hajaitimiza sawasawa. Nikamwambia amwache tu. Nikaandika jina, Hanifu, nikaweka vistari viwili, nikafunga daftari na kwenda kula.

Na huyo Hanifu nilimjua. Mwaka uliotangulia, 1992, mstari ulipokuwa 1976, nilimwona pale Kondoa mjini akicheza winga ya kushoto. Nilimwandika wa nne kwenye orodha. Kisha ikaja barua ya shule, 1975, mwaka mmoja tu, nami nikamfuta. Nilikuwa nimemwambia neno lilelile.

Mwalimu Loisi alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma pamoja nami. Aliona mstari wa themanini na tisa, akaona na uso wangu. Alikuwa mtu mwenye huruma. Akafungua droo, akatoa kalamu ya wino wa bluu, akaiweka juu ya daftari.

"Mwandiko ni wako, mwalimu. Andika sabini na saba hapo, mimi nitakunakilia barua mpya."

Nilitaka. Sitasema kwamba sikutaka. Kalamu niliishika kabisa. Lakini nilijua kwamba kurekebisha mstari ule mmoja kungeniokoa mimi kuliko kumwokoa Adamu. Yeye angechaguliwa, na mimi ningeendelea kuwa Swalihu wa Daftari, nikizunguka na malori na kuwafuta watoto wa walimu wengine waliokuwa na haraka ya kwenda kula kama mimi. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Nikamrudishia kalamu, nikamwomba aniazime daftari lenyewe nilipeleke Dodoma kama lilivyo. Alinisainisha karatasi mbili.

Tabu hakuweza kusafiri, shamba lilikuwa halijasafishwa na mvua hazikuwa mbali. Alisema mtoto atakwenda na Hanifu, yeye ni mtu mzima, anaijua Dodoma. Nikauliza Hanifu yupi, ingawa nilijua. Akanieleza kwamba ndiye aliyemfanya Adamu kuwa kipa. Tangu aliporudi kutoka Kondoa mwaka jana akiwa amekataliwa, Hanifu alisema yeye mpira umekwisha, umri umempita, basi kila jioni akawa anakwenda uwanjani kumpigia Adamu mashuti kwa ule mguu wa kushoto mpaka giza linaingia. Mwanzoni korongo lilikula mipira yote. Sasa hupita wiki nzima hakuna aliyeshuka.

Tulisafiri Alhamisi, watatu, mimi mbele kwa dereva na wao nyuma juu ya magunia ya alizeti. Hanifu alinisalimia kwa heshima na hakuonyesha kinyongo chochote. Alikuwa ameota masharubu membamba, na alimwagiza Adamu afunike kinywa kwa sababu ya vumbi, kama baba. Njiani niligeuka mara nyingi kuwatazama kupitia kioo cha nyuma. Kila mara nilijiambia nitamweleza tukifika Kondoa, halafu tukifika Haneti, halafu nikajiambia kwanza la Adamu, la Hanifu baadaye.

Jumamosi tulikutana kwenye chumba nyuma ya mashine za Bwana Shaban. Ziliendelea kusaga, kwa hiyo kila mtu aliongea kwa sauti na meza ilikuwa na unga. Walikuwapo matajiri watatu, na Thomas, karani wao, mtu mkimya wa Kigogo aliyeandika kila kitu. Watoto walisubiri nje kwenye kivuli cha ukuta, wamenawa nyuso. Vikaratasi vya zamu vilikuwa tayari ndani ya kofia.

Nikaomba kusema kabla kofia haijazungushwa. Nikalifungua daftari mezani, nikawaonyesha mwandiko, nikawaambia ni wangu. Nikawaeleza habari ya sikio, na ya idadi ya kata, na vile vistari viwili mpaka chini. Nikasema kipa ninayemweka wa kwanza ameandikwa 1975, na aliyemwandika ni mimi, na niliandika uongo. Nikasema alizaliwa 1977, kwa ushahidi wa mama yake na wa ng'ombe.

Mwenye mabasi alikasirika, na alikuwa na haki. Aliuliza kama ina maana kwamba kwa miaka miwili wao wamekuwa wakichagua na kukataa watu kwa kufuata vistari vya mwalimu aliyekuwa na njaa. Nikamjibu kwamba ndivyo, kwa watoto wa shule ile, na kwa shule nyingine siwezi kuapa. Mwenye hoteli akasema mtu huyu atutolee mkosi wake hapa. Bwana Shaban alisogeza kiti. Alilivuta daftari, akapitisha kidole kwenye vistari, kidole kikatoka na vumbi.

"Hao ng'ombe," akamuuliza mwenye mabasi, "baba yako si naye alihamishwa na wake?"

Mwenye mabasi alikuwa Mrangi wa Kondoa. Akasema ndiyo, ilikuwa 1979, na baba yake hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mwaka ule, akasema, hakuna mama wa kule anayeweza kuukosea. Hasira yake ikapungua hapohapo, sikutegemea. Wakakubaliana kwamba neno la mama lipokelewe, na kwamba mwaka ujao atafutwe mtu mwingine wa kuandika orodha. Thomas akayaandika yote mawili kwenye mstari mmoja. La pili halikuniuma. Nilihisi wepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

Kofia ikazungushwa. Zamu ya kwanza ikaangukia kwa mwenye mabasi, na bila kuuliza mtu akasema, kipa.

Thomas alipokuwa anaandika jina la Adamu, akainua kichwa. Alikuwa bado ameliweka daftari mbele yake.

"Kuna mwingine kwenye kurasa hizi tuliyemkata?" akauliza.

Nikasema yuko mmoja, wa mwaka jana, winga. Thomas akamtazama Bwana Shaban akiwa ameshika kalamu tayari. Bwana Shaban akasema mwaka jana umeshapita, mstari wa mwaka huu unajulikana, watu wana njaa, zamu ya pili ni ya nani. Wakaendelea. Nilibaki pale mpaka mtoto wa ishirini na nne, nikijibu walichoniuliza, na sikumbuki hata jina moja kati ya yale yaliyosomwa.

Nilipotoka, Adamu alikuwa amezungukwa na vijana, anapimwa jezi iliyokuwa fupi mikono. Hanifu alinijia mbio. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa akicheka hovyo. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia. Alinishukuru kwa niaba ya mama Adamu, na ya kijiji, akasema mtoto yule angekufa kwa huzuni, akasema Mungu akulipe, mwalimu. Nilikuwa na daftari kwapani, la kurudisha shuleni. Nikampa alibebe, kwa kuwa alikuwa anarudi, nikadhani hapo ndipo yatakapoishia. Nitasema ukweli: nilitumaini hapo ndipo yaishie.

Lakini hakuwa mjinga. Alilishika daftari bila kulifungua, kicheko kikaisha polepole.

"Na mimi nimo humu?"

"Umo. Wa mwisho."

"Mwaka wangu uliandikwaje?"

Nikamwambia uliandikwa kwa vistari, kama wa Adamu, kama wa wote. Akatafakari. Akaniambia kwamba yeye siku zote amejijua ni wa sabini na tano, kwa kuwa ndivyo barua ilivyosema, na bibi yake aliyemlea alikufa yeye akiwa darasa la tatu, hajapata kumuuliza. Akauliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, yeye basi alizaliwa lini.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na jibu hilo. Nilifikiri kumwambia sijui. Ningeweza, na angeniamini, na angerudi Kolo na furaha yake. Nilisimama pale nikamtazama masharubu yale membamba na ule mguu wa kushoto, na nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yangu ya kazi.

"Mkono wako haukufika kwenye sikio," nikamwambia. "Bibi yako alisema hata miaka sita hujaitimiza sawasawa. Ni wa sabini na sita."

Alihesabu. Nilimwona akihesabu, midomo inacheza.

"Basi mwaka jana sikuwa nimevuka."

"Hukuwa umevuka."

"Na mwaka huu?"

Nyuma yetu walikuwa wanamwita Adamu apande gari la timu, na mashine za unga zilikuwa zimezimwa, kwa hiyo sikuhitaji kupaza sauti.

"Mwaka huu umevuka, Hanifu."

Akasema sawa, mwalimu. Akaliweka daftari vizuri kwapani, akaniuliza lori la Kondoa linaondoka saa ngapi.